Deilili zinazochanua tena: kazi iko kati ya maua ya kwanza na ya pili

Malalamiko yanayosikika zaidi kuhusu deilili ni haya: kibandiko kwenye chungu kiliahidi maua msimu mzima, mmea ukachanua wiki tatu au nne, kisha ukabaki majani matupu hadi mwaka ukaisha. Mara nyingi muuzaji hakudanganya. Aina ile kweli ina uwezo wa kurudia maua, ila uwezo huo unataka maji, chakula na nafasi, tena unavitaka hasa wakati mwenye bustani ameshaacha kuutazama mmea, pale maua ya kwanza yanapokwisha. Wiki chache zinazofuata hapo ndizo zinazoamua kama kutakuwa na awamu ya pili.

Ili hilo lieleweke, inafaa kuujua mmea wenyewe unavyokua. Deilili ni mimea ya jenasi ya Hemerocallis, asili yake Asia ya Mashariki: China, Japani na Korea. Ua lake linafanana na yungiyungi, lakini chini ya udongo hakuna tunguu. Kuna mizizi minene yenye nyama inayotunza maji na chakula, na juu yake kuna shingo, kipande kifupi kigumu ambapo mizizi na majani hukutana. Kutoka kwenye shingo huota majani marefu membamba yaliyojipanga pande mbili kama upepeo uliokunjuliwa. Kila upepeo wa aina hiyo ni chipukizi moja, na chipukizi moja lenye mizizi yake ni mche kamili. Machipukizi yakiongezeka ndiyo yanayofanya kichaka.

Ua moja hufunguka siku moja tu. Jioni limenyauka, na kesho yake linafunguka jingine kwenye bua lilelile. Kwa hiyo wingi wa maua ni hesabu ya vitumba. Kichaka cha machipukizi 10, ambamo 7 yametoa bua na kila bua lina vitumba 15, kina maua 105 ya kugawanywa kwa siku zote za awamu hiyo. Bua lenye vitumba 8 haliwezi kukupa wiki tatu za maua hata ulibembeleze vipi.

Sasa, bua huota kwenye ncha ya ukuaji ya chipukizi. Likishatoka, ncha ile imemaliza kazi, na mmea huendelea kupitia jicho la pembeni, kwenye kwapa la jani, ambalo hukua na kuwa chipukizi jipya. Deilili ya kawaida hulichukulia chipukizi hilo kama mtaji wa mwakani: hukua taratibu, huhifadhi nguvu, husubiri. Aina inayorudia maua haina subira hiyo. Chipukizi jipya likishapata majani ya kutosha hutoa bua lake msimu huohuo. Baadhi hufanya hivyo mapema kiasi kwamba bua la pili linachomoza wakati la kwanza bado lina vitumba, na mtazamaji haoni pengo lolote. Nyingine hupumzika wiki kadhaa ndipo zirudi. Zipo pia zinazorudia mara moja tu mwishoni mwa msimu, na hizo zinategemea sana urefu wa kipindi cha joto. Aina inayorudia vizuri mahali penye joto la miezi mingi inaweza kuchanua mara moja tu kule ambako baridi huwahi. Hili si kosa la mkulima wala la mmea, muda wenyewe ndio umekwisha.

Ndiyo maana kwenye katalogi tunaangalia vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza ni alama ya "Re", inayomaanisha kwamba aina hiyo hurudia maua. Cha pili ni herufi za wakati wa kuchanua: EE ni mapema kabisa, E mapema, EM kati ya mapema na katikati, M katikati, L mwishoni. Aina yenye EE au E pamoja na Re ina muda mrefu mbele yake wa kuotesha bua la pili. Ukikuta L na Re kwa pamoja, usiweke matumaini makubwa isipokuwa unaishi mahali pasipo na baridi ya kuua majani.

Angalia pia tabia ya majani. Kuna aina ambazo majani hufa kabisa wakati wa baridi na mmea hulala. Kuna zinazobaki kijani mwaka mzima. Na kuna za katikati. Zinazolala hustahimili baridi kali, lakini nyingi kati yake hudhoofika mwaka hadi mwaka mahali ambapo baridi haifiki kabisa. Zinazobaki kijani hupendeza mahali pa joto, na nyingi huharibika vibaya penye barafu. Ukikosea hapa, hakuna mbolea itakayokuokoa.

Kwa majina, wa kuanzia ni 'Stella de Oro', iliyosajiliwa na Walter Jablonski mwaka 1975 na kupewa medali ya Stout, tuzo ya juu ya deilili nchini Marekani, mwaka 1985. Medali hiyo ina jina la A. B. Stout, mtafiti wa New York Botanical Garden ambaye kazi yake ya kuzalisha deilili ndiyo iliyofungua njia ya rangi nyingi tulizonazo leo. 'Stella de Oro' ni fupi, kama sentimita 28, maua yake ni ya sentimita 7 hivi, na ina bidii kuliko nyingi. Kasoro yake ni rangi: njano yake imeelekea chungwa na hugombana na maua ya waridi na mekundu yanayoipakana. Mwenye kutaka njano tulivu ya limau achague 'Happy Returns', iliyotolewa na Darrel Apps mwaka 1986, ambayo 'Stella de Oro' ni mzazi wake. Mzalishaji huyohuyo alitoa 'Pardon Me' mwaka 1982, nyekundu iliyokolea yenye urefu wa sentimita 45 hivi. Anayetaka ua kubwa karibu na nyeupe anaweza kutafuta 'Joan Senior' ya mwaka 1977, ya sentimita 60 na zaidi kidogo, ambayo majani yake hubaki kijani. Usitegemee irudie kwa wingi kama 'Stella de Oro'. Kwa ujumla, maua madogo kwenye mimea mifupi hurudia kwa wepesi zaidi kuliko maua makubwa.

Nunua mche uliogawanywa kutoka kichaka chenye jina, si mche wa mbegu. Mbegu za deilili hazirithi sura ya mama. Unaweza kuotesha mbegu 50 za 'Happy Returns' na usipate hata moja inayofanana nayo. Na usichanganye aina hizi na deilili ya chungwa ya kando ya barabara, Hemerocallis fulva, ambayo huchanua mara moja na kusambaa kwa mashina ya chini ya ardhi mpaka ikala kitanda chote. Mtu akikupa bure ndoo nzima ya deilili, uliza kwanza ni ipi.

Mahali pa kupanda pawe na jua la moja kwa moja saa 6 kwa siku au zaidi. Chini ya hapo mmea utaishi, utakuwa na majani mazuri, lakini mabua yatapungua na awamu ya pili ndiyo ya kwanza kupotea. Nyekundu na zambarau zilizokolea ni tofauti kidogo: jua kali la alasiri huzibabua, petali zikawa kama zimemwagiwa maji ya moto, kwa hiyo zipate jua la asubuhi na kivuli chepesi baada ya hapo. Maua pia huelekea upande wa jua. Ukipanda kitanda kati ya jua na dirisha lako, utayaona migongo. Na epuka kupanda karibu na miti yenye mizizi ya juujuu, maana mizizi hiyo itakunywa maji kabla ya deilili.

Udongo uwe wa kupitisha maji, wenye pH (kipimo cha uchachu wa udongo) kati ya 6 na 7. Kupima upitishaji ni rahisi: chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, liache likauke, lijaze tena, kisha pima. Maji yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, usipande hapo bila kuinua tuta kwa sentimita 15 hadi 20. Deilili hustahimili mambo mengi, lakini shingo iliyokaa majini wakati wa joto huoza, na hapo hata aina ngumu haiponi.

Kabla ya kupanda, mche uliokuja bila udongo ulowekwe mizizi yake kwa saa chache. Kata mizizi iliyovunjika au laini. Chimba shimo la kina cha sentimita 30 na upana wa 45, changanya udongo uliotoka na mboji iliyoiva vizuri, robo ya ujazo hivi. Samadi mbichi usiiguse. Rudisha sehemu ya udongo, fanya kilima kidogo katikati, kalisha shingo juu yake na utawanye mizizi pembeni ielekee chini. Shingo ifunikwe na udongo usiozidi sentimita 2.5. Mche wenyewe unakuonyesha kipimo: sehemu nyeupe chini ya majani ndiyo iliyokuwa ardhini, na mstari ambapo nyeupe inageuka kijani ndio usawa wa udongo wa zamani. Ukizika zaidi ya hapo, mmea hutumia msimu mzima kujipandisha na maua hupungua au hukosekana. Shindilia kwa vidole ili kusiwe na mifuko ya hewa, mwagilia taratibu mpaka udongo utulie, na kama shingo imezama, iinue wakati udongo bado tope.

Nafasi kati ya mche na mche ni sentimita 45 kwa aina fupi na 60 kwa ndefu. Kitanda kitaonekana kitupu mwaka wa kwanza. Kivumilie, au jaza mapengo kwa maua ya msimu mmoja yenye mizizi mifupi. Kubananisha kunapendeza haraka, lakini baada ya miaka miwili machipukizi yanagombania maji na aina inayorudia inageuka kuwa aina isiyorudia.

Weka matandazo ya majani makavu au maganda ya miti, unene wa sentimita 5 hadi 7, na acha duara tupu la sentimita 5 kuzunguka shingo. Matandazo yaliyolundikwa kwenye shingo ni nyumba ya konokono na mwanzo wa kuoza.

Maji ndiyo yanayotenganisha bustani zenye awamu ya pili na zisizo nayo. Kipimo cha kawaida ni milimita 25 kwa wiki, mvua ikihesabiwa ndani yake, na milimita 25 ni lita 25 kwa kila mita ya mraba. Toa zote mara moja au mara mbili kwa wiki, zishuke hadi sentimita 20 chini. Kunyunyizia kidogo kila jioni kunalowesha matandazo tu na kukaribisha magonjwa ya majani. Kosa linalorudiwa na wengi ni kumwagilia kwa bidii wakati wa vitumba na kusimamisha maua yakiisha, kwa sababu hakuna tena cha kutazama. Chini ya udongo, chipukizi la awamu ya pili liko kwenye hatua ya kuamua kama litoe bua au lilale. Udongo ukikauka wiki mbili hapo, linalala. Kulirudishia maji mwezi mmoja baadaye kutakupa majani mapya, na maua utayasubiri mwakani.

Baada ya maji, kazi ya pili kwa umuhimu ni kuondoa maua yaliyonyauka, na hii watu wengi huifanya nusunusu. Ua la jana huwa laini, limejikunja, na aina nyekundu hutia doa vidoleni. Ukilivuta tu, petali zinatoka zote mkononi na unadhani umemaliza. Tazama tena pale lilipokuwa: kimebaki kifundo cha kijani, kidogo kama punje ya mtama. Hicho ndicho chumba cha mbegu. Kama ua lilichavushwa, baada ya wiki moja kifundo kimeshavimba, na kitaendelea kula chakula cha mmea kwa wiki sita hadi nane mpaka mbegu ziive. Bua moja lenye vitunda vitano au sita linanyonya hasa ile akiba ambayo ingelisha chipukizi jipya. Kwa hiyo usivute petali. Shika shina fupi la ua chini ya kifundo kwa vidole viwili na ulivunje kwa kulipinda pembeni. Linakatika kwa mlio mdogo, safi. Mkono mwingine ushike bua, maana vitumba vya jirani ni tepetevu kuliko vinavyoonekana, na kuvunja kitumba cha kesho ni hasara ya siku nzima ya ua. Asubuhi ndio wakati mzuri, mmea ukiwa umejaa maji na vitu vinakatika kirahisi. Kama huna nafasi kila siku, basi kila siku ya tatu, lakini vifundo vyote viondoke.

Kitumba cha mwisho kikishamaliza, kata bua zima sentimita 5 juu ya ardhi. Usiling'oe likiwa kijani, utaondoka na chipukizi. Kisiki chake kitakauka, na baada ya wiki chache kitatoka chenyewe ukikivuta kidogo. Kabla ya kukata, angalia kati ya bua: aina fulani huotesha hapo kimche kidogo chenye majani. Ukikiona, liache bua mpaka kimche kianze kutoa vizizi, kisha kata sentimita chache juu na chini yake ukipande kwenye chungu. Tofauti na mbegu, hicho kitakuwa sawasawa na mama yake.

Mbolea hutolewa mara mbili. Mara ya kwanza majani yanapoanza kukua mwanzoni mwa msimu: gramu 50 za NPK 10-10-10 (mbolea yenye asilimia 10 ya nitrojeni, fosforasi na potasiamu kila moja) kwa mita ya mraba, au gramu 30 kama unayo 17-17-17. Mara ya pili mara tu mabua ya kwanza yanapoisha, nusu ya kiasi hicho. Itawanye kwenye pete kuanzia sentimita 10 kutoka kwenye shingo, iingize juujuu kwenye udongo, kisha umwagilie. Punje za mbolea zikikaa kwenye shingo huiunguza. Pima kwa mizani walau mara ya kwanza, kwa sababu kiganja cha mtu na mtu hakilingani. Anayetumia mboji peke yake aweke tabaka la sentimita 2 hadi 3 mwanzoni mwa msimu na la sentimita 1 baada ya maua ya kwanza.

Zaidi ya hapo ni madhara. Nitrojeni nyingi huleta majani marefu yaliyolala, ya kijani kibichi cha kuvutia, na mabua machache. Kuna chanzo kimoja kinachosahaulika: mbolea ya nyasi. Deilili zilizopandwa kwenye ukingo wa nyasi hulishwa nitrojeni bila mwenyewe kujua kila nyasi zinapotiwa mbolea. Ukiona kichaka cha ukingoni hakichanui na mwenzake wa mita tatu ndani kinachanua, anzia hapo kutafuta.

Baada ya awamu ya kwanza, majani ya nje huwa ya njano na kitanda kinachusha. Wapo wanaokata majani yote hadi sentimita 15 ili yaote upya. Kwa aina isiyorudia hakuna ubaya mkubwa. Kwa inayorudia hatupendekezi, labda kuwe na ugonjwa, kwa kuwa majani hayo ndiyo kiwanda cha chakula cha bua linalofuata. Vuta kwa mkono yale ya njano tu, yanayotoka bila kubishana, na acha mengine. Ukipanda mbele yake kitu kifupi chenye majani mapana, uchakavu huo hauonekani sana.

Kwenye magonjwa, kutu ndiyo ya kuijua kwanza. Inasababishwa na kuvu aitwaye Puccinia hemerocallidis, aliyegunduliwa Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 2000. Dalili ni vipele vidogo vya rangi ya chungwa upande wa chini wa jani. Chukua karatasi laini nyeupe ulifute jani: unga wa chungwa ukibaki kwenye karatasi, ni kutu. Mistari ya njano inayoanzia ncha na kushuka kwenye mshipa wa kati bila unga ni baka la mistari, ugonjwa mwingine usio na uzito huo, na dawa yake ni kuondoa majani yaliyoathirika. Kwa kutu, hapa ndipo kukata majani yote kunaruhusiwa: kata, funga kwenye mfuko, tupa nje ya bustani, usitie kwenye mboji, na osha mkasi kwa spiriti kabla ya kugusa kichaka kingine. Kuvu huyu anahitaji jani hai. Mahali ambapo barafu huua majani yote, hupotea kila mwaka mpaka aletwe tena na mche mpya. Mahali pa joto hubaki kwenye aina za kijani daima. Kwa hiyo mche mpya utengwe mbali na wengine kwa wiki kadhaa kabla ya kuingia kitandani.

Kuoza kwa shingo huonekana kwa majani ya katikati kuwa njano ghafla, na ukivuta chipukizi linakuja mkononi, laini na lenye harufu mbaya. Chanzo karibu kila mara ni joto, unyevu na jeraha vikikutana, kama vile mche uliogawanywa wakati wa jua kali na kumwagiliwa kila siku. Ng'oa, kata mpaka ufikie nyama nyeupe ngumu, kausha kivulini siku kadhaa, panda kwingine. Wakati mwingine hupona.

Vitumba vilivyopinda, vyenye makovu ya kahawia au vinavyodondoka kabla ya kufunguka ni kazi ya thripi, wadudu wembamba mno wanaokula ndani ya kitumba. Ondoa vitumba hivyo na upulize maji kwa nguvu kwenye mabua. Vidukari hukaa chini kwenye makunjo ya majani na huondoka kwa maji ya sabuni. Utitiri huja wakati wa ukame, majani yakawa na vidoa vidogo vyeupe kama vumbi. Kichaka chenye maji ya kutosha hakisumbuliwi sana.

Kwenye chungu inawezekana, kwa aina fupi tu, chungu cha upana wa sentimita 30 au zaidi chenye matundu, na ukubali kumwagilia karibu kila siku wakati wa joto. Kama una paka, fikiria mara mbili: kila sehemu ya deilili, hata chavua aliyoilamba kwenye manyoya, inaweza kuua figo zake, na paka aliyekula lazima afikishwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo bila kusubiri dalili.

Linabaki suala la msongamano, ambalo ndilo sababu kuu ya kichaka kilichokuwa kinarudia vizuri kuacha kurudia. Deilili za kawaida hukaa miaka 4 au 5 bila kugawanywa. Zinazorudia huongeza machipukizi haraka, kwa hiyo zigawanywe kila baada ya miaka 2 au 3. Dalili huonekana mapema: majani yanakuwa membamba, mabua yanafupika, vitumba kwa bua vinapungua, na katikati ya kichaka panatokea uwazi. Awamu ya pili hupungua mwaka mmoja kabla ya ya kwanza, hiyo ndiyo kengele.

Vitabu vingi husema gawanya mara baada ya maua. Kwa aina inayorudia, hilo lina maana ya kuitoa sadaka awamu ya pili ya mwaka huo, tena mara nyingi wakati wa joto kali. Tunapendelea mwanzo wa msimu, majani yakiwa na urefu wa kiganja, au mwishoni joto likishapungua, angalau wiki sita kabla ya barafu kwa wenye barafu. Kata majani hadi sentimita 15. Chimba kwa uma kuzunguka kichaka, sentimita 20 kutoka kwenye shingo za nje, ukiinua pande zote kabla ya kukitoa. Kitikise, kisha kioshe kwa mpira wa maji mpaka uone shingo moja moja. Hapo utaona machipukizi yanakoachana kwa asili. Yazungushe kwa mikono na mengi yatatengana. Yaliyoshikana kabisa yakatwe kwa kisu safi, kila kipande kikibaki na shingo na mizizi yake.

Acha machipukizi 2 au 3 kwa kila mche. Moja peke yake linaota, lakini utasubiri msimu mzima au miwili kabla ya kuona maua ya maana. Yaweke kivulini siku moja au mbili vidonda vikauke, kisha panda kwenye udongo ulioongezwa mboji kwa kina kilekile. Mwagilia vizuri siku ya kwanza, halafu subiri mpaka sentimita 5 za juu zikauke kabla ya kumwagilia tena. Mbolea usitie mpaka uone jani jipya. Mwaka wa kwanza mche wa machipukizi mawili kwa kawaida huchanua mara moja, au hauchanui kabisa, na huo si wakati wa kuihukumu aina. Hesabu mabua yake mwaka wa pili na wa tatu, awamu ya kwanza na ya pili kando kando, uandike kwenye kibandiko cha mmea. Ambayo mwaka wa tatu bado inatoa bua la pili kwenye chipukizi moja tu kati ya kumi, ilhali ina jua, maji na nafasi, igawe kwa jirani anayetaka maua ya mara moja na uweke nyingine mahali pake.